Balozi wa Triathloni Katika Nchi ya Wapagazi

Triathloni ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko. Mshindani huogelea, akatoka majini na kupanda baiskeli, kisha akaiacha baiskeli na kumalizia kwa mbio za miguu. Saa haisimami hata anapofunga kamba za viatu. Katika Michezo ya Olimpiki umbali wake ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Mashindano marefu zaidi, yale ya Ironman, yana kilomita 3.8 majini, kilomita 180 za baiskeli na marathoni nzima mwishoni.

Mchezo huu bado ni mchanga. Mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, yakiwa na washiriki 46. Ironman ya kwanza ilifanyika Hawaii mwezi Februari 1978; watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Triathloni iliingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, ikiwa na umri wa miaka 26 tu. Mpira wa miguu hauhitaji kutambulishwa, kwa sababu mtoto huukuta mtaani na kuurithi kwa kaka zake. Triathloni haina urithi wa namna hiyo katika nchi nyingi. Hufika mahali ikiwa imeletwa na mtu, na tabia ya mtu huyo huwa ndiyo sura ya kwanza ya mchezo machoni pa wenyeji. Ndiyo maana vyama vya michezo, waandaaji na wadhamini huwateua wanamichezo wa kulipwa kuwa mabalozi wake.

Balozi wa mchezo si sawa na sura ya tangazo. Mwenye sura ya tangazo hulipwa ili bidhaa inunuliwe, na mkataba ukiisha kazi yake imekwisha. Kazi ya balozi ni kuwafanya watu wauone mchezo kuwa wao: mtoto atamani kuujaribu, mzazi amruhusu, mwalimu autengee muda, na viongozi wa mji waache kuuona kuwa starehe ya wageni. Mwanamichezo mmoja anaweza kuwa vyote viwili, lakini medali na wafuasi wengi mtandaoni, vinavyotosha kwa kazi ya kwanza, havitoshi kwa ya pili.

Tabora na njia ya misafara

Tabora, mji ulioko kwenye uwanda wa magharibi mwa Tanzania, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, ni mahali panapoonyesha vizuri ugumu wa kazi hiyo. Katika karne ya 19 palikuwa njia panda ya biashara. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Hapo iligawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kusafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo inayoyapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia.

Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga na watu waliotiwa utumwani. Hata hivyo wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa uti wa mgongo wa misafara, kwa kawaida walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mpagazi alijitwisha karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, akatembea majuma mengi porini. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa alama ya utu uzima.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Alishika bendera, akavaa mavazi ya kuonekana kutoka mbali, na ngoma yake ndiyo iliyotoa ishara ya kuondoka. Mpagazi aliyempita njiani alitozwa faini. Heshima hiyo aliipata kwa sababu za wazi: aliijua njia, alijua visima viko wapi na mahali gani ushuru hudaiwa, alisemezana na wenyeji wa kila nchi waliyoipita, na mara nyingi ni wapagazi wenyewe waliomchagua. Naye pia alibeba mzigo, ingawa mwepesi kuliko mizigo ya wengine. Jamii iliyozoea kiongozi wa aina hiyo haikosi kipimo cha kumpimia mwanamichezo anayekuja kuutangaza mchezo mpya.

Kati ya michezo mitatu ya triathloni, miwili si migeni Tabora. Kutembea na kukimbia masafa marefu ni mambo ya kawaida kwa wanafunzi wa vijijini. Baiskeli nayo ni chombo cha kazi kote Unyamwezi na Usukumani: hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, mizinga ya nyuki, mizigo ya sokoni na abiria. Mashindano ya baiskeli huvuta umati mkubwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na baadhi ya washindani hupanda baiskeli zilezile wanazofanyia kazi.

Mchezo wa tatu ndio kikwazo. Mji wa Tabora hauko kando ya ziwa. Maji mengi yaliyo karibu ni ya mabwawa ya Igombe na Kazima, yaliyojengwa ili kuupatia mji maji ya matumizi. Mito mikubwa ya magharibi, Ugalla na Malagarasi, ina mamba na viboko. Mwaka 1871, msafara wa Henry Morton Stanley ulipokuwa ukivuka Malagarasi kwenda Ujiji, punda wake mmoja alikamatwa na mamba mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo woga wa maji katika nchi hii haukuzuka bure. Balozi mzuri wa triathloni hapa ni yule anayeweza kuwachukua watu kutoka kwenye mambo mawili wanayoyamudu hadi kwenye la tatu wanaloliogopa, bila kuwadanganya na bila kuwahatarisha.

Umahiri unaoshuhudiwa

Sharti la kwanza la balozi ni kuujua mchezo kwa mwili wake. Watu hawamfuati mtu ambaye hajawahi kupita anakowapeleka. Ushindi mkubwa husaidia zaidi pale unapovunja dhana kwamba mchezo ni wa watu fulani tu. Henri Schoeman wa Afrika Kusini alipata medali ya shaba mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, akawa Mwafrika wa kwanza kupanda jukwaa la Olimpiki katika triathloni. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Flora Duffy alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akitoka Bermuda, kisiwa chenye watu wasiofika 70,000. Baada ya ushindi huo, hoja kwamba nchi ndogo haina nafasi katika mchezo huu ilipoteza nguvu.

Lakini ushindi wa mbali huwa na mwangwi hafifu. Mwanafunzi wa Tabora huguswa zaidi na mtu anayefanana naye, anayesema lugha yake na aliyekulia mazingira kama yake. Alphonce Simbu ni mfano wa karibu. Ametoka Singida, mkoa unaopakana na Tabora, na ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 2016, akapata shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na picha ya mwisho wa mbio ndiyo iliyowatenganisha. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Aliifikia baada ya karibu miaka kumi ya kushiriki mashindano makubwa, na subira hiyo inawafundisha vijana mengi kuliko medali yenyewe.

Jambo hili lina maana kwa triathloni. Mahali ambapo mchezo haujapata nyota wake, balozi anaweza kutoka katika mmoja wa michezo mitatu. Mkimbiaji mashuhuri au bingwa wa baiskeli anaweza kuufungulia njia, mradi asijifanye gwiji wa asichokijua. Akijifunza kuogelea hadharani, akaonekana akimeza maji na kuanza upya, huwapa watu wazima ruhusa ya kujifunza bila aibu.

Kumaliza ulichoanza

Triathloni ni mchezo ambao wengi wa washiriki wake hawatashinda kamwe. Mashindano makubwa huanzisha pamoja bingwa wa dunia, mwalimu wa shule, muuguzi na mstaafu. Kwa hiyo balozi anayezungumzia ushindi peke yake anawaacha nje karibu wote anaowahutubia. Thamani inayowagusa watu wa kila ngazi ni ya kumaliza.

Tanzania inayo historia ya thamani hiyo. Tarehe 20 Oktoba 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega. Mashindano yalianza na wakimbiaji 75, na 18 kati yao waliacha njiani. Akhwari alifungwa bendeji, akaendelea, na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu, bali ili amalize. Alikuwa wa 57, wa mwisho, lakini ndiye anayekumbukwa zaidi katika mbio zile. Miaka 40 baadaye aliteuliwa kuwa balozi wa nia njema wa Michezo ya Beijing.

Triathloni yenyewe ilijulikana duniani kwa tukio la aina hiyohiyo. Mwezi Februari 1982, Mmarekani Julie Moss, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akiongoza Ironman ya Hawaii upande wa wanawake alipoishiwa nguvu karibu na mwisho. Alianguka mara kadhaa, akapitwa mita chache kabla ya mstari, kisha akaufikia kwa kutambaa. Picha za televisheni zilizunguka Marekani nzima, na watu waliokuwa hawajawahi kusikia habari za mchezo huo wakaanza kuuliza jinsi ya kujiunga.

Ustahimilivu wa namna hii unahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Balozi mwenye busara hawafundishi vijana kupuuza maumivu ya hatari, upungufu wa maji mwilini au jua kali la Oktoba. Huwaeleza kuwa hata bingwa huacha mashindano pale daktari anapoamua, na kwamba kumaliza huanza na maandalizi ya miezi mingi. Vilevile huonyesha kuwa mshindani mwenzake ni mtu kabla ya kuwa mpinzani. Mwezi Septemba 2016 huko Cozumel, Mexico, Mwingereza Jonathan Brownlee alilewa kwa joto akiwa mbele, mita mia chache kutoka mwisho. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alimshika bega na kumkokota hadi mstarini, kisha akamsukuma atangulie. Alistair alipoteza nafasi yake ya kushinda siku hiyo, na picha ile ikawa tangazo la mchezo lisilolipiwa na mtu.

Maji salama kwanza

Sifa inayomtenga balozi wa triathloni na mabalozi wa michezo mingine ni wajibu wake kuhusu maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Katika hali hiyo, kumfundisha mtoto kuelea, kupumua na kujiokoa ni kazi ya kulinda uhai hata kama hatashiriki mashindano maishani mwake.

Balozi anayeijua kazi yake haanzi kwa kuwatosa watoto bwawani. Igombe na Kazima ni vyanzo vya maji, hivyo shughuli yoyote pale inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Maji na Usafi wa Mazingira Tabora, TUWASA. Maji yaliyotuama yenye magugu yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho, kwa hiyo maofisa wa afya huhusishwa kabla ya mazoezi, si baada ya watoto kuugua. Wazamiaji au waokoaji wenye mtumbwi, maboya na kamba huwepo kila mara watu wanapoingia majini. Mafunzo ya awali hufaa yafanyike katika maji mafupi ambamo mwanafunzi anaweza kusimama.

Tahadhari hiyo haihusu nchi maskini peke yake. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume ilipangwa tarehe 30 Julai, lakini iliahirishwa hadi kesho yake kwa sababu vipimo vilionyesha kuwa maji ya mto Seine yalikuwa na vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Ikiwa mashindano ya Olimpiki yanaweza kungoja maji yawe safi, zoezi la shule linaweza kungoja pia. Balozi anayelieleza jambo hili waziwazi hupata imani ya wazazi haraka zaidi kuliko anayewahakikishia kwamba hakuna hatari.

Mikono safi

Mwanamichezo wa kulipwa hupata riziki yake kwa matokeo, na shinikizo hilo limewaingiza wengi katika dawa zilizopigwa marufuku. Mkenya Rita Jeptoo alishinda marathoni ya Boston mwaka 2013 na 2014, kisha akafungiwa baada ya vipimo vya mwaka 2014. Katika triathloni, Mmarekani Collin Chartier, aliyekuwa miongoni mwa washindi wakubwa wa mwaka 2022, alipatikana na dawa ya EPO mwezi Februari 2023, akakiri na kufungiwa miaka mitatu.

Hasara ya balozi kuanguka ni kubwa kuliko ya mshindani wa kawaida. Mzazi aliyemruhusu binti yake kufanya mazoezi kwa kumwamini bingwa fulani atauona mchezo wote kuwa wa ulaghai. Kwa hiyo balozi anatakiwa kuwa tayari kupimwa wakati wowote, kuweka wazi anachotumia, na kuwaeleza vijana kuwa hata dawa ya mafua au kirutubisho cha dukani kinaweza kuwa na kitu kilichokatazwa. Usafi huo unahusu fedha pia. Anayelipwa na kampuni ya vinywaji au ya baiskeli akisema hivyo mapema, ushauri wake unabaki na uzito.

Kufungua mlango

Triathloni ina sifa ya kuwa mchezo wa wenye fedha, na sifa hiyo ina ukweli. Baiskeli wanazopanda wanamichezo wa kulipwa hugharimu mamilioni ya shilingi, na bado kuna mavazi ya maji baridi, viatu maalumu, ada na nauli. Balozi anayefika shuleni na kuonyesha vifaa vyake tu huwaacha wanafunzi wakishangaa na kuondoka. Anayewaonyesha kuwa baiskeli ya kawaida ya chuma, yenye breki nzuri na mwendeshaji anayejua kurekebisha kiti, inatosha kwa kuanzia, huwaachia kitu cha kufanya kesho yake. Kofia ngumu ndiyo isiyopaswa kukosekana.

Mlango mwingine ni wa wanawake. Juma Ikangaa, bingwa wa marathoni ya New York ya mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alishirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, kuanzisha Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017. Mkimbiaji aliyezoea kushangiliwa alitumia jina lake kuwapa wengine uwanja wa kushangiliwa. Upande wa triathloni, Mwingereza Chrissie Wellington, bingwa wa dunia wa Ironman mara nne kati ya 2007 na 2011, alijiunga na wenzake mwaka 2013 kudai wanawake warudishiwe nafasi katika mbio za baiskeli za Ufaransa. Mwaka uliofuata mashindano ya siku moja ya wanawake yaliandaliwa Paris sambamba na ya wanaume, na mwaka 2022 wakapata Tour de France yao ya hatua kadhaa.

Kuogelea kwa wasichana katika jamii zenye Waislamu wengi, kama sehemu kubwa ya mji wa Tabora na Ujiji, kunahitaji mazungumzo na wazazi kuhusu mavazi ya stara, walimu wa kike na faragha ya mahali pa mazoezi. Zanzibar imeonyesha kuwa hilo linawezekana: kijijini Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili. Balozi asiyejali mambo hayo huwafungia nje nusu ya wanafunzi.

Watu wenye ulemavu nao wana nafasi yao. Triathloni ya walemavu iliingia katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 2016. Tarehe 7 Novemba 2020, Mmarekani Chris Nikic alikuwa mtu wa kwanza mwenye hali ya Down kumaliza Ironman kamili. Mshindani asiyeona na mwenzake anayemwongoza hufungwa kamba moja majini na kupanda baiskeli moja ya watu wawili.

Kazi inayobaki

Ziara ya siku moja haijengi mchezo. Mabalozi wanaokumbukwa Afrika Mashariki ni wale walioacha kitu kinachoendelea bila wao. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16 huko Christchurch mwaka 1974, baadaye alijenga shule na kuwa kiongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Paul Tergat wa Kenya, aliyekula chakula cha msaada shuleni Baringo akiwa mtoto, alikuwa balozi wa Shirika la Chakula Duniani kuanzia mwaka 2004. Alieleza habari ya njaa kwa sababu aliijua. Tegla Loroupe alianzisha taasisi ya amani mwaka 2003 na kuzikutanisha katika mbio jamii za wafugaji zilizokuwa zikiibiana mifugo. Mwaka 2016 aliiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Kila mmoja alichagua jambo alilolijua tangu utotoni, akakaa nalo miaka mingi.

Balozi wa triathloni magharibi mwa Tanzania anapaswa pia kujua nani anahusika na nini. Riadha, baiskeli na kuogelea vina vyama tofauti vya taifa, vyote chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Anayezungumza na kimoja na kuvisahau vingine huanzisha ugomvi kabla ya mazoezi. Shuleni, njia iliyokwisha kufunguliwa ni ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, michezo ambayo Tabora imewahi kuwa mwenyeji wake kitaifa. Kuna pia adabu za mahali: kupiga hodi kwa mkuu wa shule na mwenyekiti wa mtaa, kuwaamkia wazee kabla ya kuwaendea vijana, na kuvumilia utani ambao Wanyamwezi wameuzoea tangu enzi za misafara.

Hatua za kuanzia

Mahali ambapo maji ndiyo kikwazo, mchezo una ngazi zinazoruhusu kuanza bila hayo. Ngazi ya kwanza ni duathloni, yaani kukimbia, kuendesha baiskeli na kukimbia tena. Husimamiwa na shirikisho lilelile la dunia, World Triathlon, na hutumia stadi ambazo vijana wa Tabora tayari wanazo. Barabara za lami za kuelekea Nzega na Urambo zina mabasi na malori, kwa hiyo mashindano hufaa yafanyike alfajiri, kwa njia iliyofungwa na askari wa usalama barabarani.

Ngazi ya pili ni timu ya watu watatu, ambapo mmoja huogelea, mwingine hupanda baiskeli na wa tatu hukimbia. Mpangilio huu unaweza kumkutanisha kijana wa Ujiji au Kigoma, aliyekulia ziwani, na mwendesha baiskeli wa Urambo na mkimbiaji wa Sikonge. Ngazi ya tatu ni triathloni fupi ya mita 400 za kuogelea, kilomita 10 za baiskeli na 2.5 za kukimbia, kwa waliokwisha kufundishwa na kupimwa majini. Mashindano marefu hungojea hadi ngazi hizo zimezoeleka.

Jirani ametoa mfano wa mahali safari hiyo inakoweza kufika. Mwezi Agosti 2022 Rwanda iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya nusu Ironman huko Rubavu, kwenye Ziwa Kivu, ziwa lisilo na mamba wala viboko. Mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Nyuma ya matukio hayo kulikuwa na miaka mingi ya mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, zilizowazoesha wananchi kusimama kando ya barabara na kushangilia, na kuwapa vijana wenyeji mtu wa kumwiga.

Balozi hupimwa kwa yanayobaki baada ya miaka mitatu au minne. Maswali ya kuuliza ni machache: watoto wangapi wanaweza kuelea na kuogelea bila msaada, klabu ngapi bado zinakutana kila juma, walimu wangapi wanajua kuandaa mashindano salama, wasichana wangapi wamebaki katika mazoezi, na kama yuko mwenyeji aliyekwisha kuchukua nafasi ya balozi wa kwanza. Mwanamichezo wa kulipwa mwenye medali nyingi anaweza kushindwa maswali hayo yote, na mwenye nafasi ya 57 akayajibu vizuri.